Dau la Mnyonge katika Barabara ya Namanga

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Methali hii aghalabu hufunzwa madarasani kama kauli juu ya umaskini: asiye na mali wala mtetezi hafiki aendako. Maana hiyo ni sahihi, ila imefutika chumvi ya bahari iliyoizaa. Kwa mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja, joshi ni upande wa chombo unaopigwa na upepo, na demani ni upande wa pili, uliokingwa. Kwenda joshi ni kuukabili upepo kule unakotoka. Hilo haliwezekani kwa kuelekeza omo moja kwa moja. Nahodha hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, na sharti tanga na foromali viwe madhubuti. Mwenye dau bovu husubiri upepo umpeleke utakako wenyewe.

Hivyo basi, kabla ya vitabu vya fizikia kufasiriwa, Kiswahili kilikuwa tayari na msamiati wa kueleza jinsi hewa inavyosukuma, inavyovuta na inavyokinga. Hata wanaistilahi walipotafuta neno la kutaja nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, waliteua kani, neno ambalo katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya ukaidi. Mtu asiyekubali kushindwa husemwa kuwa ameshika kani. Hewa nayo hushika kani. Yeyote anayekwenda kasi, awe na miguu miwili au magurudumu kumi na manane, hushindana na mkaidi asiyeonekana.

Kitengela haina tanga wala ngalawa. Ni mji wa Kaunti ya Kajiado uliotanda kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, juu ya nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wazee wangali wanaiita sehemu yake kongwe Noonkopir, jina la Kimaasai ambalo wenye lugha husikia ndani yake manyoya ya ndege. Sehemu kubwa ya mwaka upepo wa huko hutoka mashariki, ukapita juu ya nyanda za Athi na Kapiti pasipo kizuizi kikubwa, hadi ukafika vilima vya Ngong. Ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Ngong, ambako ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, pamoja na mitambo 60 ya Kipeto iliyoanza kazi mwaka 2021. Katikati ya nyanda hizo hupita barabara ya Namanga, ikielekea kusini: Kitengela, Isinya, Kajiado, Ilbisil, hadi mpakani mwa Tanzania. Anayeifuata kuelekea mpakani hupigwa na upepo ubavu wa kushoto.

Katika mtaa mmoja wa Kitengela anaishi mzee aliyeijua barabara hiyo kwa viganja vya mikono yake. Alianza kama utingo, akapanda cheo akawa dereva wa malori ya mizigo, akaendesha mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Anaishi na mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ambaye ana kazi moja na ndoto moja. Kazi yake ni bodaboda. Ndoto yake ni mbio ndefu. Alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, hukimbia na vijana wenzake wanne katika njia za vumbi zilizo kando ya mji. Kukipambazuka, huvaa helmeti na kuwasha pikipiki.

Kijana huyo ameitazama katika simu yake, mara zisizohesabika, video ya tarehe 12 Oktoba 2019. Siku hiyo, katika bustani ya Prater mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi huikumbuka saa ile. Kijana aliukumbuka mpangilio. Wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza. Watano walikuwa mbele yake, wamejipanga mithili ya herufi V iliyofungua mdomo kuelekea mbele, na wawili walikuwa nyuma. Haikuwa gwaride la heshima. Mtu anayekimbia kilomita 21 kwa saa, hata hewa ikiwa imetulia kabisa, hupigwa usoni na upepo wa kilomita 21 kwa saa, kwa maana hewa haijali ni nani anayemwendea mwenzake. Watano wale waliichana hewa na kuielekeza kando, naye Kipchoge akapita katika mfereji uliotulia. Kwa sababu ya wasindikizaji hao waliopokezana, na taratibu nyingine za siku hiyo, muda ule haukuingizwa katika daftari la rekodi rasmi. Hata hivyo, dunia ilijionea kuwa mwanadamu akipunguziwa deni la hewa, kiasi alichodhaniwa kukishindwa kinaweza kufikiwa.

"Babu," kijana alisema jioni moja, "yule alifungiwa upepo nje, kama mtu anavyofunga mlango."

Mzee alimtazama, asiseme neno.

Fuata nyuki ule asali, ndivyo isemwavyo. Kijana aliuchukua mpangilio wa Vienna akaupeleka barabarani. Akipata abiria wa Isinya au mzigo wa Kajiado, alikuwa akingoja lori refu limpite, kisha hujibanza nyuma ya trela, mita tano au sita hivi, na kukaa hapo. Faida yake aliiona kwa macho. Upepo ulionyamaza ghafla masikioni, injini iliyolalama kidogo, petroli iliyobaki tangini jioni. Wala hakuwa anajidanganya. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 40 kwa saa ikifika 80, hewa haimpingi mwendeshaji mara mbili, humpinga mara nne. Kwa mtu anayehesabu pesa za mafuta kwa shilingi, mgongo wa lori ni sawa na mkopo usio na riba. Wenzake wa stendi nao waliona, nao wakaiga.

Mzee alipopata habari, alijaribu kumweleza kwa lugha aliyoijua. Alimwambia kwamba lori linapokimbia huisukuma hewa ya mbele, na hewa hiyo hutoka kandokando kama maji yanavyokwepa omo ya jahazi. Nyuma yake huacha pengo, ambamo kanieneo ya hewa imepungua, na hewa inayozunguka hurudi kulijaza kwa fujo. Kwa hiyo pale nyuma pana kinga, lakini hapana utulivu. Mtu hutikiswa kushoto na kulia asijue anayemtikisa.

Alimweleza pia habari ya kupita lori, jambo ambalo madereva wapya hulijua baada ya hofu. Kwenda Namanga, upepo wa mashariki unapovuma, dereva wa gari dogo huwa ameukaza usukani upande wa kushoto kidogo, bila hata kufikiri, ili gari lisisukumwe kulia. Anapotoka kulipita lori, lori lenyewe humkinga. Upepo hutoweka, lakini mikono ingali inaukaza usukani kushoto, na gari huanza kusogea kwenye magurudumu ya lori. Akijirekebisha, tayari amefika kwenye kichwa cha lori. Hapo hukutana kwanza na hewa inayosukumwa kando na lori, kisha na upepo uliokuwa umezuiliwa, vyote viwili vikimsukuma kulia, kule magari yanakotokea. Mambo hayo yote hutendeka katika sekunde chache. "Si gari linaloyumba," mzee alizoea kusema. "Ni demani inayokwisha."

Neno demani alilitoa wapi mtu wa bara? Alilipata Mombasa, katika miaka ya kupakia shehena bandarini, kutoka kwa mabaharia waliomcheka alipofunga turubai vibaya. Turubai lenyewe lilikuwa mwalimu wake wa pili. Lori likishika kasi, hewa inayopita juu ya mzigo hukimbia, ilhali ile iliyo chini ya turubai imetulia. Kanieneo ya juu hupungua, ya chini huzidi, na turubai huvimba kama tanga. Utingo asiyekaza kamba hulikuta limepasuka au limepaa. Mzee aliwahi kuliona turubai zima likiinuka baada ya Isinya, likaelea juu ya nyasi kabla ya kutua. Ng'ombe walikimbia. Yeye alikatwa mshahara.

Kijana alisikiliza kwa adabu. Kisha alijibu kama wajibuvyo vijana: kwamba enzi za Babu zilikuwa za malori mabovu, kwamba yeye ana macho makali na breki mpya, na kwamba hajapata kugusa trela hata siku moja.

Hesabu ingeweza kumjibu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa kila sekunde. Jicho lione, akili iamue, mkono na mguu vifike kwenye breki. Kwa mtu aliye macho kabisa, sekunde moja hivi imekwisha pita, na mita 22 zimekwisha pita nayo. Aliye mita sita nyuma ya trela hana mita hizo. Kwa bahati mbaya kinga ya upepo haipatikani ila kwa ukaribu. Kadiri mtu anavyorudi nyuma ndivyo hewa inavyojikusanya na kumrudia usoni. Kile kimpunguziacho mafuta ndicho hicho hicho kimwondoleacho nafasi ya kusimama.

Aliyejibu hakuwa hesabu. Mwenzake mmoja wa stendi, katika wale watano wakimbiao alfajiri, alikuwa nyuma ya lori lililopakia mifuko ya saruji. Mbele, mahali ambapo mifugo huvuka, ng'ombe waliingia barabarani. Dereva wa lori aliwaona akafunga breki, kama apasavyo kufanya dereva yeyote mwema. Mwenye pikipiki hakuona ng'ombe. Hakuona barabara. Alichokuwa akiona ni ubao wa nyuma wa trela na turubai. Dereva alisikia kishindo, akadhani gurudumu limepasuka. Aliposhuka na kuzunguka nyuma, ndipo alipojua kwamba alikuwa na mwenziwe safarini.

Baada ya mazishi, kijana hakutoka na pikipiki kwa siku kadhaa, wala hakukimbia. Mzee hakumkumbusha lolote alilokuwa amemwonya. Siku ya saba hivi, wakiwa wameketi nje jioni, alimwomba ile simu.

"Hebu nionyeshe tena wale watu wa Vienna."

Kijana alimwonyesha. Mzee aliisogeza simu karibu na macho yake yaliyofifia, akawatazama wale watano wa mbele kwa muda mrefu.

"Hawa," aliuliza, "walijua kwamba yuko nyuma yao?"

"Walijua, Babu. Ndiyo iliyokuwa kazi yao."

"Wangesimama ghafla?"

"La. Walifanya mazoezi pamoja. Hata kubadilishana zamu walikuwa wamekufanyia mazoezi."

"Na yule dereva wa saruji?"

Kijana hakuwa na jibu, wala mzee hakulidai.

Walinyamaza kitambo. Kisha mzee akauliza kuhusu mkimbiaji mwingine, yule wa Kimaasai, ambaye ni mlezi wa michezo ya morani kule Kimana. Kijana alijua ni David Rudisha anayetajwa. Michezo hiyo, ijulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai, ilianza mwaka 2012 kusini mwa Kajiado, ili morani waonyeshe ushujaa wao kwa mbio, kuruka na kutupa badala ya kuwinda simba. Hutupwa rungu, na hutupwa mkuki, ambao nao ni mwanafunzi wa hewa kama lilivyo turubai. Mkuki uliotupwa kwa pembe nzuri huegemea hewa na kubebwa. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliutupa mita 104.80, hata ikahofiwa kuwa viwanja vitakuwa vidogo. Mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele sentimita 4, ili ncha iiname mapema na hewa isiubebe mno. Ni kwa mkuki wa namna hiyo iliyozuiwa ndipo Julius Yego, Mkenya aliyejifunza kwa kutazama video, alipofikisha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015.

"Rudisha alipokimbia London," mzee aliuliza, "nani alikuwa mbele yake?"

"Hakuna mtu, Babu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki, Rudisha aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho kwa dakika 1 na sekunde 40.91, wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41. Hapakuwa na msindikizaji. Kila hatua aliichana hewa kwa kifua chake, na wengine saba wakamfuata katika mwendo alioufungua. Yule wa mwisho, wa nane, alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.77. Muda huo ungemtosha kutwaa dhahabu katika fainali ya Beijing ya mwaka 2008. Wasomi wa riadha watagawanya sifa hiyo kati ya hewa, kasi na ari, na huenda wasiafikiane juu ya mafungu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mmoja alikubali kukaa joshini, na wote waliokuwa demani walifika mbali kuliko walivyozoea.

Mzee hakuliweka hivyo. Alirudisha simu akasema, "Mjukuu wangu, kujikinga nyuma ya mtu si aibu. Mimi mwenyewe nilipokuwa utingo nilijikinga nyuma ya dereva wangu. Lakini alikuwa akigeuka kunitazama."

Katika sentensi hiyo mna sehemu ya fizikia ambayo hesabu haiifikii. Hewa haimsamehe mtu kani yake. Hubadilisha tu anayeilipa. Aliye nyuma analipiwa na aliye mbele, na swali la busara ni iwapo mlipaji anajua kwamba analipa, na kwa ajili ya nani. Wakimbiaji wa Vienna walijua. Rudisha alijua. Lori halijui kitu. Anayejificha nyuma yake amejikopesha mwenyewe kwa mtu asiyemwona katika kioo, asiyemsikia, na asiye na ahadi naye yoyote. Pengine hii ndiyo maana ya ndani ya ile methali ya mabaharia. Mnyonge huvutwa na kila demani aionayo, kwa sababu safari ya joshi ina gharama, na mfuko wake ni mwepesi. Bodaboda wa Kitengela hawajibanzi nyuma ya trela kwa utundu pekee. Wanajibanza kwa sababu ya bei ya petroli. Kuwaita wajinga ni rahisi kwa mtu aliyejaziwa tangi na mwingine.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Mafunzo ya usalama barabarani aghalabu huwafikia waendeshaji hao kama orodha ya makatazo, bila kuambiwa hewa inawafanyia nini. Ilhali lugha ya kuwaeleza ipo. Kani, kanieneo na ukinzani vimo katika kamusi. Joshi, demani na kubisha vimo vinywani mwa mabaharia. Na kule Kitengela kuna mzee aliyeviunganisha vyote kwa kamba ya turubai. Kazi iliyobaki ni kuvikusanya na kuvipeleka stendini.

Kijana amerudi kazini. Lori likimpita katika barabara ya Namanga, hupunguza mwendo akaliacha lijiendee, mpaka aione lami yote iliyo katikati. Petroli yake huisha mapema kidogo kuliko zamani, na abiria wengine humlalamikia kwa kuchelewa.

Alfajiri wamebaki wanne. Hutoka mjini wakielekea mashariki, upepo ukiwa usoni, kisha hurudi ukiwa mgongoni. Wamekwisha jua kwamba upepo wa mbele hunyang'anya zaidi ya ule urudishwao na upepo wa nyuma, kwa hiyo safari ya kwenda huigawana: kila mmoja huongoza kilomita moja, na watatu hufuata nyuma yake kwa karibu. Wa mbele akichoka hainui mkono wala hasemi neno. Husogea kando kidogo, kugeuka kuwatazama, na anayefuata huingia mahali pake.